Programu ya Kengele ya Kujichunguza Nafsi: Inachokiona na Isichoweza Kukiona

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitumia programu ya simu ambayo kazi yake ni kumsaidia mtumiaji kuichunguza nafsi yake mwenyewe. Simu hulia mara chache kwa siku, katika nyakati ambazo mtumiaji hazijui kabla, na kila inapolia humtaka aandike kilichokuwa akilini mwake muda mfupi kabla ya mlio. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa programu za namna hii ni nyingi, zinafanana kwa mengi, na ninayoyasema kuhusu hii yanaweza kuzihusu nyingine pia. Swali langu ni moja: maelezo ambayo mtu huyatoa kuhusu akili yake kwa kuitazama kutoka ndani yanategemeka kwa kiasi gani, na je, waliotengeneza chombo hiki wanajua mpaka wake uko wapi? Kwa wasio na muda wa kusoma hadi mwisho, jibu langu ni kwamba sehemu inayouliza "Kulikuwa na nini?" ni nzuri kuliko nilivyotarajia, na sehemu inayouliza "Kwa nini?" haifai. Kwa bahati mbaya, hiyo ya pili ndiyo inayotangazwa kwa nguvu na ndiyo inayolipiwa.

Wazo lenyewe si geni. Russell Hurlburt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, alianza katika miaka ya 1970 kuwapa watu kifaa kidogo kinachotoa mlio sikioni kwa nyakati za kubahatisha. Mshiriki anaposikia mlio hukishika kile kilichokuwa akilini mwake kabla mlio haujakivuruga, hukiandika kwa ufupi, na ndani ya saa 24 huhojiwa kwa kina juu yake. Katika miaka hiyohiyo, Mihaly Csikszentmihalyi na wenzake huko Chicago walitumia vifaa vya mlio kuwauliza watu wanafanya nini na wanajisikiaje katikati ya shughuli zao. Simu za kisasa zimeurahisisha mno utaratibu huu. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha majibu ya watu wazima 2,250 waliokuwa wakiulizwa kupitia simu zao, na katika asilimia 46.9 ya majibu hayo watu walikuwa wakiwaza jambo jingine kabisa, si lile lililokuwa mikononi mwao. Programu ninayoitathmini imerithi karibu kila kitu kutoka kwa kazi hizo isipokuwa kimoja kikubwa, nacho ni mhojaji. Hakuna mtu wa upande wa pili anayeuliza, "Unaposema ulikuwa na hofu, hofu hiyo ilikuwaje?" Badala yake kuna maswali yaliyoandikwa, na ubora wa programu umesimama juu ya maswali hayo.

Maswali ya sehemu ya kwanza yametungwa kwa uangalifu. Mlio unapotoka, ukurasa unaofunguka hauulizi mtu anajisikiaje, bali unampa nafasi tupu ya kuandika, na baada ya hapo yanafuata maswali mafupi yanayojibiwa kwa ndiyo, hapana, au sijui. Je, kulikuwa na maneno? Kama yalikuwapo, yalikuwa yakisemwa au yakisikika? Je, kulikuwa na picha? Je, kulikuwa na hisia mwilini, na ilikuwa sehemu gani? Je, lilikuwapo wazo lisilo na maneno wala picha? Jibu la "sijui" limewekwa sawa na mengine, halijafichwa pembeni, wala programu haimbembelezi mtumiaji alibadilishe. Nimeona hojaji nyingi ambazo hazimpi mtu ruhusa ya kutojua, na mtu asiyepewa ruhusa hiyo hujaza chochote kinachoelekea kuwa kweli.

Nitoe mfano mmoja. Kengele ililia nikiwa nasoma barua ndefu ya kikazi kuhusu ratiba iliyobadilishwa. Neno la kwanza kunijia lilikuwa "wasiwasi", na katika programu nyingi za hisia mambo yangeishia hapo: kitufe chenye uso wa huzuni kingebonyezwa, na siku ingehesabiwa kuwa mbaya. Maswali yalipofuata, yaliyojitokeza yalikuwa na sura nyingine. Kulikuwa na kipande cha wimbo, mistari miwili isiyo na mwisho, kikijirudia bila mimi kukisikiliza. Kulikuwa na mkazo kwenye bega la kushoto. Kulikuwa na nusu ya sentensi, "basi Jumatano itakuwa…", iliyotamkwa ndani kwa sauti yangu lakini kwa kasi kuliko ninavyozungumza kwa mdomo. Picha haikuwapo hata moja. Macho yalikuwa yakipita juu ya aya ya pili ya barua, ila maneno ya aya ile hayakuwapo akilini kabisa. Wasiwasi ulikuwa jina la jumla lililobandikwa juu ya vitu hivyo, na kama ulikuwapo wenyewe, kama hisia inayojitegemea, katika nukta ile, siwezi kuapa.

Hapo ndipo faida ya kujichunguza inapoonekana: mtu anapoulizwa kuhusu nukta moja, na anapoulizwa kilichokuwapo badala ya jina lake, huleta habari ambayo hakuna kipimo cha nje kinachoweza kuileta. Anapoulizwa kuhusu nafsi yake kwa jumla, huleta nadharia. Hurlburt ameripoti mara nyingi kwamba watu wanaoamini kuwa wanafikiri kwa maneno muda wote hushangaa kukuta sampuli zao, yaani maelezo waliyoyatoa kwa kila mlio, hazina maneno mengi, na katika utafiti alioufanya na Christopher Heavey, uliochapishwa mwaka 2008, tofauti kati ya mtu na mtu zilikuwa kubwa mno: wapo ambao usemi wa ndani haukujitokeza hata mara moja katika sampuli zao, na wapo ambao ulitawala sehemu kubwa ya sampuli. Kwa hiyo anayesema "binadamu hufikiri kwa maneno", kwa sababu tu yeye mwenyewe anajiona hivyo, huenda anakosea mara mbili, kwanza kuhusu wenzake na pili kuhusu nafsi yake.

Kuna sababu nyingine ya kuipendelea kengele kuliko hojaji ya mwisho wa wiki. Kumbukumbu haihifadhi tajiriba kama ilivyopita. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo washiriki walitumbukiza mkono katika maji baridi mara mbili. Mara moja waliuweka kwa sekunde 60 katika maji ya nyuzi 14 za Selsiasi. Mara nyingine waliuweka kwa sekunde 60 hizohizo, kisha wakauacha kwa sekunde 30 zaidi huku maji yakipandishwa polepole hadi nyuzi 15, ambayo bado ni baridi inayouma. Walipoulizwa wangependa kurudia jaribio lipi, wengi walichagua lile refu, lenye maumivu mengi zaidi kwa jumla, kwa sababu mwisho wake ulikuwa na nafuu kidogo. Aliyeulizwa baadaye hakuwa akisema uongo. Alikuwa akiisoma kumbukumbu iliyokwisha kuhaririwa. Programu hii inaomba majibu ndani ya dakika chache, na mtumiaji akichelewa sampuli hufungwa na kuhesabiwa kuwa imekosekana. Wapo waliolalamikia ukali huo katika maoni yao, lakini mimi nauona kuwa ni mojawapo ya maamuzi bora ya watengenezaji.

Tatizo la zamani zaidi, hata hivyo, halimalizwi na kasi. Mwanafalsafa Auguste Comte alisema katika karne ya 19 kwamba mtu hawezi kujigawa wawili, mmoja akifikiri na mwingine akimtazama yule anayefikiri, na mwanafalsafa mwenzake John Stuart Mill alimjibu mwaka 1865 kwamba hakuna haja ya kujigawa, kwa kuwa jambo linaweza kuchunguzwa kupitia kumbukumbu ya muda mfupi sana baada ya kupita. Mwanasaikolojia William James, katika kitabu chake cha mwaka 1890, alikubali kwamba kazi hii ni ngumu. Alisema kuisimamisha fikra katikati ya mwendo wake ili kuitazama ni kama kuwasha taa ya gesi haraka ili kuona giza linafananaje. Kengele inamfuata Mill, kwani haimwombi mtu ajitazame anapofikiri, bali inamkuta akiwa katika mambo yake na kumwomba ageuze uso nyuma mara moja. Lakini hata hapo kuna gharama. Baada ya wiki chache nilianza kukuta sampuli ambazo ndani yake mlikuwamo kuisubiri kengele yenyewe, au sentensi ya kuelezea kilichopo iliyokwisha kutungwa kabla mlio haujatoka. Chombo kilikuwa kimeanza kupima athari zake chenyewe. Programu ina mpangilio wa kupunguza idadi ya milio hadi mmoja au miwili kwa siku, na ningemshauri kila mtumiaji auchague huo baada ya kuzoea, ingawa kwa kawaida programu huanza na milio mingi zaidi.

Katika maktaba ya mazoezi yaliyomo ndani ya programu, moja tu ndilo ninalolisifu bila kusita, nalo ni la karata. Mtumiaji huambiwa atoe karata moja bila kuitazama, akaze macho kwenye nukta moja mbele yake, kisha aisogeze karata taratibu kutoka pembeni, mkono ukiwa umenyooshwa, mpaka aweze kusema ni nyekundu au nyeusi, na namba yake ni ngapi. Watu wengi hushangaa ni kwa kiasi gani inawalazimu kuisogeza karata karibu na katikati kabla ya kuitambua. Mwanafalsafa Daniel Dennett alilieneza jaribio hili katika kitabu chake cha mwaka 1991, na Eric Schwitzgebel, katika makala yake ya mwaka 2008, alikwenda mbali zaidi akidai kwamba tunakosea hata kuhusu tajiriba tuliyo nayo sasa hivi, ikiwamo kama sehemu kubwa ya tunachokiona ni safi au imefifia. Maelezo ya programu yanachukua msimamo huo kana kwamba umekwisha kuthibitishwa. Mimi naona karata inaonyesha jambo finyu zaidi. Mtu anayesema "naona rangi hadi pembeni" kabla ya zoezi, aghalabu hajatazama. Anatoa imani aliyo nayo kuhusu macho kwa jumla. Anapotazama kwa masharti yaliyobana, husahihisha imani hiyo, na kinachomsahihisha ni kutazama huko. Schwitzgebel angejibu kwamba hata kutazama kwa masharti kuna makosa yake, na hoja yake si ya kupuuzwa, lakini somo la dakika tatu lisingepaswa kumaliza mjadala ambao wanafalsafa wenyewe hawajaumaliza.

Somo la historia lililomo ndani ya programu ni dhaifu kabisa. Linadai kwamba saikolojia ilianza kwa kujichunguza, ikaitupa mbinu hiyo, na sasa imeigundua upya "kupitia teknolojia". Wilhelm Wundt, aliyeanzisha maabara yake ya saikolojia Leipzig mwaka 1879, hakuwa akiwaambia watu wakae na kutafakari nafsi zao; aliwataka watoe maelezo mafupi kuhusu vichocheo rahisi vinavyoweza kurudiwa, na alipinga vikali mbinu ya wanafunzi wa Oswald Külpe huko Würzburg, ambao waliwapa washiriki maswali magumu kisha wakawataka waeleze yaliyopita akilini wakati wa kuyajibu. Watu wa Würzburg waliripoti fikra zisizo na picha yoyote. Edward Titchener, huko Cornell, alisema wachunguzaji wake waliozoezwa walikuta picha na hisia kila mahali. Pande mbili zilizozoezwa zilitazama ndani zikaleta majibu yanayopingana, na haikuwapo njia ya kuamua nani kaona vibaya. Mwanasaikolojia John Watson alipoandika shambulio lake dhidi ya kujichunguza mwaka 1913, moja ya malalamiko yake makali lilikuwa hilo: katika sayansi nyingine matokeo yasiporudiwa hulaumiwa vifaa au masharti ya jaribio, lakini hapa hulaumiwa mtazamaji kwa kutozoezwa vya kutosha.

Somo halisemi pia kwamba kujichunguza hakukuondoka hata baada ya Watson. Daktari anayemwuliza mgonjwa maumivu yake ni ngapi kati ya sifuri na kumi anategemea kujichunguza. Mpimaji wa macho anayebadilisha lenzi na kuuliza ipi ni safi zaidi, ya kwanza au ya pili, anategemea kujichunguza. Vipimo vya usikivu ambamo mtu hubonyeza kitufe anaposikia sauti hafifu ni hivyohivyo. Kote huko mbinu inafanya kazi kwa sababu swali ni dogo, linarudiwa, na jibu lake linaweza kulinganishwa na kitu kinachojulikana kutoka nje.

Nimefika kwenye sehemu ya kulipia. Kila mwisho wa wiki, programu humwonyesha mtumiaji grafu ya hisia zake, humwonyesha siku iliyoshuka, kisha humwuliza: "Kwa nini ulijisikia hivi siku ya Jumanne?" Hapo huorodheshwa majibu ya kuchagua, kama vile usingizi, kazi, watu wa karibu na hali ya hewa, pamoja na nafasi ya kuandika sababu nyingine. Majibu hayo hukusanywa na kurudishwa kwake kama mchoro wenye rangi uitwao "Vyanzo vya hisia zako". Mchoro ni mzuri kuutazama. Unachoonyesha ni nadharia ya mtumiaji mwenyewe kuhusu hisia zake, iliyohesabiwa na kurudishwa kwake ikiwa imevaa sura ya ugunduzi.

Ushahidi dhidi ya swali hilo ni wa muda mrefu. Mwaka 1977 Richard Nisbett na Timothy Wilson walichapisha makala iliyokusanya majaribio mengi ya namna hii, na moja kati ya hayo ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Wateja dukani walionyeshwa jozi nne za soksi ndefu za nailoni zilizopangwa mezani na wakaombwa waseme ipi ina ubora zaidi. Jozi zote nne zilikuwa sawa kabisa. Hata hivyo, jozi ya mwisho upande wa kulia ilichaguliwa na asilimia 40, na ya kwanza upande wa kushoto ilichaguliwa na asilimia 12 tu. Walipoulizwa sababu, walitaja mambo ya soksi zenyewe, wala hakuna aliyetaja mahali zilipowekwa; walipoulizwa moja kwa moja kama nafasi ya soksi ilichangia, karibu wote walikana, wengine wakimtazama mhojaji kwa mashaka. Hoja ya waandishi ilikuwa kwamba mtu anayeulizwa sababu hasomi kilichotokea ndani yake, bali anatafuta sababu inayoelekea kuwa ya kweli kwa mujibu wa mazoea ya jamii yake, na ndiyo maana mtu wa pembeni ambaye hakuhusika mara nyingi hutoa sababu zilezile.

Petter Johansson, Lars Hall na wenzao, nchini Sweden, waliongeza jambo la ajabu zaidi mwaka 2005. Mshiriki alionyeshwa picha mbili za nyuso, akachagua iliyompendeza, kisha akakabidhiwa picha ili aeleze sababu za kuichagua. Katika baadhi ya majaribio, kwa ujanja wa mikono, alikabidhiwa ile aliyoikataa. Mara nyingi hakugundua, na akaendelea kueleza kwa ufasaha kwa nini ameupenda uso ambao hakuuchagua, wakati mwingine akitaja vitu vilivyomo katika picha ile pekee. Michael Gazzaniga na Joseph LeDoux walikuwa wamekutana na jambo la namna hiyo katika miaka ya 1970, kwa mgonjwa ambaye mawasiliano kati ya nusu mbili za ubongo wake yalikuwa yamekatwa kwa upasuaji. Nusu ya kushoto, yenye usemi, ilionyeshwa ukucha wa kuku. Nusu ya kulia ilionyeshwa mandhari ya theluji. Mkono wa kushoto, unaoongozwa na nusu ya kulia, ulichagua picha ya koleo, chombo cha kuondolea theluji, na mgonjwa alipoulizwa sababu alijibu bila kusita kwamba koleo ni la kusafishia banda la kuku. Hakuna dalili kwamba alijiona akibuni.

Mtengenezaji wa programu anaweza kusema kwamba sababu isiyo sahihi haimdhuru mtu. Sikubaliani naye. Wilson na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba watu waliotakiwa kuchanganua sababu za kupenda mabango kabla ya kuchagua moja la kwenda nalo nyumbani hawakuridhika na chaguo lao wiki chache baadaye kama walivyoridhika wale ambao hawakuulizwa sababu. Sababu zilizo rahisi kutamka zilizifunika zile zilizokuwa na uzito. Na kwa mtu mwenye huzuni ya muda mrefu, swali la "kwa nini mimi niko hivi?" linaloletwa na simu kila wiki ni hatari zaidi: tafiti za Susan Nolen-Hoeksema zilionyesha kwamba kurudiarudia kuitafakari hali yako mbaya na sababu zake hurefusha huzuni. Programu haitoi tahadhari yoyote juu ya hilo, na kwangu huo ndio upungufu wake mkubwa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wahenga haohao wakasema nyani haoni kundule. Nisingependa msomaji atoke na methali ya pili peke yake. Yapo majaribio ambayo maelezo ya mtu kuhusu nafsi yake yalionekana kuwa si kweli, kisha yakathibitika. George Sperling, mwaka 1960, aliwaonyesha watu safu tatu za herufi nne nne kwa sehemu ndogo ya sekunde. Waliweza kutaja kama herufi nne tu, lakini walisisitiza kwamba waliziona zote na kwamba zilififia wakiwa bado wanataja. Mtafiti anayedharau kujichunguza angeandika kwamba waliona herufi nne. Sperling alipiga sauti baada tu ya herufi kutoweka, ya juu, ya kati au ya chini, kuashiria safu ya kutaja, na washiriki wakataja kama herufi tatu kati ya nne za safu yoyote waliyoamriwa, ingawa hawakujua kabla ni safu ipi. Walikuwa wamesema kweli.

Hali ni hiyo pia kwa watu wasioona picha akilini. Francis Galton alikutana nao mwaka 1880, alipowauliza watu waeleze wanavyoiona akilini meza yao ya kifungua kinywa. Baadhi walimjibu kwamba walidhani "kuona akilini" ni namna tu ya kusema. Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina la afantasia mwaka 2015. Mtu angeweza kudhani kwamba tofauti ni ya lugha, kwamba wote wana picha zilezile na wanazieleza tofauti. Lakini watafiti wa maabara ya Joel Pearson nchini Australia waliripoti mwaka 2022 kwamba mboni za watu wa kawaida hupungua wanapowaza umbo lenye mwanga mkali, na kwa wenye afantasia, kama kundi, badiliko hilo halikuonekana. Maelezo ya ndani na kipimo cha nje vilikubaliana. Sehemu ya kwanza ya programu hii, inayouliza kama kulikuwa na picha au la, iko upande huu wa mpaka, na ndiyo maana naipa alama nne kati ya tano. Sehemu ya kulipia naipa moja.

Mambo ya kawaida niyapitie haraka. Programu haimalizi chaji, mlio wake unaweza kubadilishwa kuwa mtetemo, na maandishi yanaweza kupakuliwa kama faili la kawaida linalosomeka popote. Kipimo cha hisia cha kuburuta kidole kutoka sifuri hadi mia ni upuuzi, kwa kuwa hakuna anayeweza kutofautisha 62 na 65 ndani ya nafsi yake. Kipo pia kipengele kinachomweka mtumiaji katika "aina ya akili" baada ya sampuli kumi tu; kizimwe. Kuhusu faragha, sampuli huhifadhiwa kwenye seva za kampuni mpaka mtumiaji aende mwenyewe kwenye mipangilio na kuchagua zibaki kwenye simu. Kwa maandishi ya namna hii, chaguo hilo lingepaswa kuwa la kwanza.

Ninawashauri wanafunzi wa saikolojia na falsafa, waandishi, na yeyote mwenye udadisi kuhusu yanayopita akilini mwake waitumie bila kulipia. Kwa watengenezaji nina pendekezo moja. Swali la "kwa nini" linajibika, ila si kwa kumwuliza mwenyewe. Programu ina kila kinachohitajika kulijibu kwa jaribio: mtumiaji achague jambo analoshuku, tuseme kutembea asubuhi au kutotazama simu kabla ya kulala, programu impangie kwa kubahatisha siku za kulifanya na siku za kuliacha, kisha ilinganishe sampuli za siku hizo mbili bila kumwuliza anadhani nini. Wiki nane za utaratibu huo zingempa jibu ambalo mchoro wa "Vyanzo vya hisia zako" hauwezi kulitoa hata ukijazwa kwa mwaka mzima, na kwa huduma hiyo mimi ningelipa.